Fulana ya Mbwa Aliyekatwa Mguu: Tundu Moja Limezidi

Bosi, mbwa wetu wa kilo 22, alikatwa mguu wa mbele wa kushoto pamoja na bamba la bega baada ya kugongwa na bodaboda hapa Dar es Salaam, nasi tukarudi naye nyumbani na mshono mrefu wa kulindwa hadi siku ya kutolewa nyuzi, ambayo kwa kawaida huwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Daktari wa mifugo alimvalisha shingoni koni ya plastiki, ile inayozunguka kichwa ili mbwa asilambe kidonda. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na Bosi alikuwa amebakiwa na mmoja tu. Kila alipoinama kunusa, ukingo wa koni ulikwama sakafuni naye akaanguka, mara mbili juu ya kidonda chenyewe. Isitoshe, koni humzuia mbwa kulamba, lakini haizuii mguu wa nyuma kukuna bega.

Ndipo nilipoagiza fulana ya pamba inayovutika, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa waliofanyiwa upasuaji, kwa shilingi 48,000. Kitambaa ni laini, na vifungo vya kubana karibu na mkia hufunguka kwa urahisi anapotaka kwenda haja. Kasoro yake ni kwamba imeshonwa kwa mbwa mwenye miguu yote: tundu la mguu usiokuwepo huangukia juu ya mshono, yaani pale pale nilipolipia pafunikwe. Bosi aligundua hilo kabla yangu. Fundi cherehani wa mtaani aliliziba kwa kipande cha fulana kuukuu, nikamsihi mapindo yabaki upande wa nje yasije yakasugua nyuzi, na tangu hapo kucha za mguu wa nyuma ziliishia kwenye kitambaa.

Hata hivyo, nguo haimzuii mbwa aliyeamua kulamba. Siku ya nne nilikuta imelowa mate begani, na unyevu unaokaa juu ya mshono hulainisha ngozi na kukaribisha vijidudu. Kwa hiyo nilinunua ya pili ili moja ifuliwe nyingine ikivaliwa, na usiku, tulipokuwa tumelala, koni ilirudi shingoni, kwa kuwa hapo hana safari ya kumwangusha. Fulana pia huficha mambo. Niliivua asubuhi na jioni kuangalia kama kuna wekundu unaosambaa, usaha, harufu au uvimbe wa majimaji, na uvimbe ulipojitokeza chini ya mshono nilimpigia daktari badala ya kuuminya.

Nyuzi zilitolewa siku ya 13. Atakayenunua fulana hii apime urefu wa mbwa kuanzia shingoni hadi shina la mkia, asitegemee uzito pekee, na aipeleke kwa fundi kabla ya siku ya upasuaji.