Geji ya vakyumu ya Gerezani kwenye Corolla 100 inayomisi: uzoefu wangu

Ninachokipitia hapa ni vitu viwili kwa pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine kisingenisaidia. Cha kwanza ni geji ya vakyumu (kipimo cha injini inavyovuta hewa) isiyo na jina la maana, niliyonunua Gerezani, Kariakoo, kwa bei ambayo baada ya kupatana haikufika elfu sitini. Cha pili ni huduma ya fundi anayekuja nyumbani na kutoza hela ya kupima peke yake, mbali na hela ya kutengeneza. Gari ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE, ya distributa, kile kifaa cha kugawa moto kwa kila plagi.

Dalili wenye magari ya umri huu mtazitambua. Asubuhi linawaka bila shida, likishapata moto kwenye foleni ya TAZARA hapa Dar linaanza kutikisika, usukani unacheza, na ukiwasha AC linataka kuzima. Barabarani halina pumzi. Kupanda daraja la Mfugale na abiria wawili nyuma ilikuwa lazima urudishe gia. Petroli nayo inakwenda tu.

Kila gereji niliyopita ilikuwa na jibu kabla boneti haijafunguliwa: plagi, nozeli, pampu. Mahali pamoja niliambiwa, "Bosi, hii imechoka, tafuta injini nyingine ya Japani uweke." Mahali pengine walitoa mashine ya kupimia, wakazunguka chini ya dashibodi wakitafuta soketi ambayo gari hili halina. Corolla za Japani za miaka ile zina kiboksi kidogo ndani ya boneti. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Yangu ilipepesa kwa mfululizo ulio sawa, maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Lakini kompyuta ya zamani kama hii haina kazi ya kuhesabu silinda inayokosa kuwaka, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi kwamba injini ni nzima. Hapo ndipo watu wengi wanapoanza kubadilisha vifaa kwa kubahatisha.

Geji ya vakyumu inapima kitu kingine kabisa: nguvu ya injini kuvuta hewa. Pistoni zinaposhuka huku mlango wa hewa umefungwa, ndani ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, panabaki upungufu wa hewa, na geji inausoma kwa inchi za zebaki. Injini nzima ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa pedeli, inatakiwa isome kati ya 17 na 22, na mshale utulie. Sisi wa Dar tuna bahati, tuko usawa wa bahari, namba za kitabuni zinatuhusu zilivyo. Aliyeko Arusha au Mbeya apunguze kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, asije akafungua injini isiyo na kosa.

Fundi alipokuja hakugusa plagi. Aliniomba geji, akacheka kidogo alipoona mpira wake, akachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye regyuleta ya petroli (inayodhibiti presha yake) na kuweka kiungo cha T. Alinionyesha pia tundu jingine lililo juu ya kipepeo cha throto, ule mlango wa hewa, ambalo lingesoma sifuri kwenye sailensi na kumtia mtu hofu ya bure. Geji lazima ivute chini ya kipepeo.

Mshale ulisimama kwenye 14 hivi. Haukutulia: ulikuwa unadondoka kidogo na kurudi, kwa mapigo yale yale, kama mtu mwenye kwikwi. Fundi aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kuona fundi akitazama kitu, kisha akasema, "Kaka, hapa kuna magonjwa mawili. Huku kudondoka ni silinda moja. Huku kukaa chini ni kitu kingine, na plagi haitakiponya."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoilipia. Gereji zote nilizopita zilikuwa zinatafuta kosa moja.

Alianza na la silinda. Kwa koleo lenye mpira alichomoa waya wa plagi mmoja mmoja, kila ukitoka akiugusisha kwenye bodi ya injini ili koili isiumie. Ya kwanza, injini ikazama na mshale ukashuka. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, hakuna kilichobadilika: silinda hiyo ilikuwa tayari imelala. Kisima cha plagi yake kilikuwa kimejaa oili. Kwenye injini hizi za Toyota sili za mabomba ya plagi, zile zilizo chini ya mfuniko wa valvu, zinakauka kwa umri na kuvujisha. Oili inalainisha mpira wa waya, na moto badala ya kuruka kwenye plagi unakimbilia pembeni. Ndiyo maana asubuhi, injini ikiwa baridi na oili nzito, ilikuwa inavumilika. Tukabadilisha sili zote, gasketi ya mfuniko na seti ya waya. Plagi alizisafisha, akasema bado zina maisha.

Kutikisika kukaisha papo hapo. Fundi mwingine angeomba hela yake hapo na mimi ningempa kwa furaha.

Mshale ulikuwa umetulia sasa, lakini pale pale chini, kwenye 14 na kitu. Akapulizia maji ya sabuni kwenye viungo vya manifoldi na kwenye mipira yote. Injini haikubadilisha sauti. Wapo wanaopulizia petroli kutafuta uvujaji. Juu ya eksozi yenye moto, mimi siruhusu kwenye uwanja wangu. Akashikilia mwendo wa injini kwenye 2,500 kwa muda, kwa sababu eksozi ikiziba mshale unashuka polepole wakati mwendo haubadiliki. Haukushuka. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ilikuwa sawa zote, ingawa si ya kujivunia.

Ikabaki taimingi, yaani wakati wa moto kuruka na valvu kufunguka. Aliunganisha TE1 na E1, akamulika puli ya kranki kwa taa ya taimingi, na alama ikasoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, kama inavyotakiwa. Mtu angeishia hapo. Yeye akatazama distributa yenyewe: ilikuwa imezungushwa hadi mwisho wa tundu lake ili kuifikia hiyo 10. Distributa inazungushwa na kemshafti, mhimili unaofungua valvu, na kemshafti ikichelewa, aliyefunga analazimika kuivuta distributa mpaka mwisho ili kuficha kuchelewa huko. Tukaweka puli kwenye sifuri, tukafungua mfuniko wa juu wa belti inayounganisha kranki na kemshafti, na tundu dogo la kwenye gia ya kemshafti halikulingana na alama ya kifuniko cha beringi. Belti ilikuwa imeruka jino moja. Ilibadilishwa mwaka uliotangulia kwenye gereji ambayo sitaitaja, na kama 5A-FE ingekuwa aina ya injini ambayo pistoni hugonga valvu belti ikipotea mahali pake, huenda hadithi ingekuwa ndefu kuliko hii.

Belti iliporudishwa na distributa kukaa katikati ya tundu lake, mshale ulikwenda kwenye 19 na kubaki hapo, na ukishindilia pedeli ghafla na kuiachia unazama, unaruka juu ya 22, unarudi. Mfugale sasa ni gia ya nne.

Kuhusu geji yenyewe: uso unasomeka hata juani, mshale una uzito wa kutosha kiasi kwamba hauchezi ovyo, na ilipolinganishwa na ya fundi ilitofautiana nayo chini ya inchi moja, ambayo kwa kazi hii inatosha. Viungo vya plastiki ni vya hovyo. Kimoja kilipasuka siku hiyo hiyo. Mpira unaokuja nayo unabonyea ukipata moto na kukupa namba ya uongo, kwa hiyo omba kipande cha mpira wa petroli duka lilelile, hakizidi bei ya soda chache. Karatasi ya maelezo ilikuwa na Kichina tu. Usiinunue kama huna mtu wa kukaa naye mbele ya mshale, kwa sababu 14 iliyotulia na 14 inayodondoka zinakwenda kwenye milango miwili tofauti. Huduma ya fundi naipa alama zote, na hela ya kupima peke yake ndiyo sababu: hakuwa na haja ya kuniuzia kitu ili arudi nyumbani na chochote.