Uzoefu wangu na matoazi ya Zildjian katika kwaya ya Lubumbashi

Ninapiga batri, yaani seti ya ngoma na matoazi, katika kwaya ya parokia moja ya komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kwa muda mrefu tulitumia matoazi ya bei nafuu, yaliyokatwa katika bamba la shaba ya njano, ambayo yalilia kama mfuniko wa sufuria na kuwafunika waimbaji kila tulipofika kwenye kiitikio. Mwaka jana waamini walichanga, na mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka Johannesburg kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akatupatia matoazi ya kampuni ya Zildjian ya aina ya A: jozi ya inchi 14 inayokanyagwa kwa mguu, pamoja na toazi moja la inchi 16.

Tofauti ilisikika tangu misa ya kwanza. Toazi kubwa huitika papo hapo, hata likiguswa kidogo tu kwa ncha ya kijiti, kisha sauti yake hupungua taratibu na kuwaachia waimbaji nafasi. Jozi ya mguu nayo hujifunga kwa sauti kavu na safi, kiasi kwamba mpiga besi aliye upande wa pili wa kanisa hushika mapigo bila kunitazama.

Mzee mmoja wa kwaya yetu, aliyefanya kazi kwenye matanuri ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hadi alipostaafu, aliliomba toazi hilo kabla sijalifunga. Alipitisha ukucha juu ya mistari myembamba ya duara iliyochongwa na mashine, akachunguza alama za nyundo, kisha akaniuliza lina bati kiasi gani. Nilimjibu kwamba ni takriban asilimia 20, na kwamba karibu yote iliyobaki ni shaba nyekundu, pamoja na fedha kidogo sana. Akasema: «Mwanangu, bronzi yenye bati nyingi hivyo huvunjika ukiigonga ikiwa baridi. Aliyeitengeneza hii anajua moto.»

Asili ya kampuni ya Zildjian ni ujuzi huo hasa. Kwa masimulizi ya familia, Avedis, Muarmenia wa Konstantinopoli aliyekuwa akitafuta namna ya kutengeneza dhahabu, alipata mchanganyiko huo mwaka 1618, na mwaka 1623 akaanzisha karakana yake. Matoazi yake yalipigwa na bendi za askari wa sultani. Bronzi huyeyushwa, na vipande vyake hupashwa moto na kubanwa kwa rola mara kadhaa, kisha hutoswa majini vikiwa bado na moto, ndipo vikubali nyundo. Elimu hiyo ilirithishwa ndani ya ukoo kizazi baada ya kizazi. Mimi ninayeishi katika mji uliojengwa kwa shaba, katika nchi ambayo wazee wake waliyeyusha misalaba ya shaba kabla Wabelgiji hawajafika, na ambayo bati yake ilichimbwa Manono, natamani sana kuona karakana kama hiyo ikianzishwa kwetu.

Mwaka 1929 kazi ilianza Marekani, huko Quincy karibu na Boston, chini ya Avedis III wa ukoo huo, ambaye alihamia huko mwaka 1909 na alikuwa akitengeneza peremende. Wapiga ngoma wa jazi, akiwemo Gene Krupa, walimwomba matoazi membamba zaidi, naye akawasikiliza. Toazi jepesi ninalopiga leo limetokana na usikivu huo, na kwa maoni yangu jambo hilo lina uzito sawa na siri ya bronzi yenyewe. Baada ya kifo chake mwaka 1979 wanawe, Armand na Robert, walitofautiana, na Robert akaanzisha Sabian, kampuni nyingine ya matoazi, nchini Kanada mwaka 1981. Mwaka 1999 Craigie, binti wa Armand, akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza kampuni, ambayo kiwanda chake sasa kiko Norwell, Massachusetts.

Bei ndiyo kikwazo cha kweli: toazi moja la aina hii linazidi mshahara wa mwezi wa walimu wengi wa hapa. Anayenunua asitazame jina lililopigwa wino tu. Atafute pia mhuri mdogo uliogandamizwa ndani ya bronzi yenyewe, wenye maandishi ya herufi za Kiarabu juu ya jina la Avedis Zildjian, autambue kwa kidole. Parokia yenye fedha kidogo ianze na jozi ya mguu, kwa kuwa hiyo hulia katika wimbo mzima, na toazi kubwa lingojee mchango mwingine.