Maonesho ya vyuo vikuu Mnazi Mmoja: mpeleke mtoto akiwa bado kidato cha tatu

Kila Julai, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huvikutanisha vyuo katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kwa Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia. Wengi utakaowakuta pale ni vijana waliomaliza kidato cha sita, wameshika matokeo kwenye simu, wanatafuta chuo. Mimi ni mwalimu wa Kemia na wa ushauri nasaha katika shule ya kata upande wa Kibaha, na huwa napeleka wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Wazazi na walimu wenzangu, hao ndio wanaofaidi kuliko wote.

Sababu ni kombi, yaani tahasusi: mkusanyiko wa masomo anayochagua mtoto kwa kidato cha tano na cha sita. Mtoto akishaingia kidato cha tano kusoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), udaktari wa binadamu kwa njia ya kidato cha sita umempita, kwa kuwa shahada ile inataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Uhandisi nao unataka Fizikia na Hisabati. Tangu 2024 tahasusi zimepanda kutoka 16 hadi 65, na mtoto anajaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, akiwa hajawahi kuzungumza na mtu hata mmoja anayefanya kazi anayoitamani. Nyumbani anaambiwa tu "soma sayansi". Akija Mnazi Mmoja baada ya matokeo ya kidato cha sita, anabaki kutafuta kozi itakayompokea. Akija mapema, ndiye anayechagua.

Safari yetu ni ya kawaida: wazazi wanachanga nauli ya Kosta, barua za ruhusa zinasainiwa, na kila mwanafunzi anaandika kwenye daftari kazi anayoifikiria pamoja na maswali matatu. Inasomewa masomo gani? Inachukua miaka mingapi? Waliomaliza mwaka jana wako wapi sasa? Swali la tatu ndilo linalochuja mabanda. Kuna wanaolijibu kwa utulivu, wanataja hospitali, viwanda, halmashauri, na kukiri kwamba wengine bado wanatafuta. Kuna wanaokupa kalamu na kipeperushi kingine.

Mabanda yaliyowasimamisha watoto wangu muda mrefu yalikuwa ya vyuo vya kazi za mikono na mashine. Kwa wenzetu wa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, walielewa jambo ambalo mimi huwa nalieleza darasani bila kueleweka: kidato cha nne mwenye ufaulu wa Fizikia, Kemia na Hisabati anaweza kwenda moja kwa moja kusoma stashahada ya uhandisi kwa miaka mitatu, na akifanya vizuri anaendelea na shahada. Kwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji waligundua kwamba matengenezo ya ndege yanasomewa hapa hapa nchini. Kwa Chuo cha Bahari mvulana mmoja aliuliza kama meli nayo ina mhandisi wake, akaelezwa chumba cha injini tangu mwanzo hadi mwisho, na wenzake wakamzunguka kusikiliza. Huyu anatoka kwenye familia ya bodaboda, anapenda injini tangu mdogo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mapenzi hayo yana chuo.

Nataka pia kumtaja binti mmoja wa kidato cha tatu. Anataka kutibu watu, lakini Fizikia anaikimbia. Alikuja akiamini kwamba vyuo vya kati ndiyo njia ya kulikwepa somo hilo. Akaambiwa kwa upole kwamba hata stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha nne. Aliumia, nilimwona. Kisha kwenye banda la SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akakutana na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa lishe ya binadamu, akajua kwamba hospitalini kuna maofisa lishe wanaohudumia wagonjwa wa kisukari na watoto wenye utapiamlo. Walizungumza mpaka nikaenda kumwita. Bado hajaamua, ila sasa anabaki jioni kwenye kipindi cha ziada cha Fizikia, kwa hiari yake. Wanafunzi wa vyuo wanaosimama mabandani ni hazina. Waulize wao kabla ya maofisa.

Yaliyonikera nayo yapo. Banda moja la chuo binafsi liliwauliza watoto wangu "mna divisheni ngapi?" na kuwapa mgongo liliposikia ni kidato cha tatu. Wakala mmoja wa vyuo vya nje aliandika namba za simu za wazazi kabla hata ya kutaja ada. Mzazi unayevutiwa na chuo cha nje, usilipe chochote kabla ya kuuliza TCU kama chuo hicho kinatambulika, na ujue kwamba mtoto atahitaji cheti chao cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka. Wao wenyewe wapo uwanjani, kwa hiyo swali lako linaweza kujibiwa siku hiyo hiyo.

Bodi ya Mikopo ni banda ambalo mzazi aende mwenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo inatolewa hata kwa baadhi ya kozi za stashahada, na wazazi wengi kwetu hawajui. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa hiyo kama jina la mtoto kwenye cheti linatofautiana na la shuleni, anzeni kulishughulikia akiwa bado kidato cha tatu.

Mwongozo wa udahili wa TCU unapatikana bure mtandaoni, lakini umeandikwa kwa Kiingereza kizito na majedwali marefu. Kaa na mwanafunzi umwonyeshe. Kwa wa kidato cha sita, kima cha chini ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Juu ya hapo kila kozi ina masharti yake, na hayo ndiyo yanayowaangusha wengi.

Mwenye ndoto ya kuwa fundi umeme wa majumbani, fundi bomba au mchomeleaji hatapata mengi hapa, maana maonesho ni ya elimu ya juu. Hao nawapeleka chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa siku yao wenyewe, na ningeomba shule zifanye hivyo kwa uzito ule ule. Mafundi tunawahitaji, na watoto wanaotaka ufundi wanastahili safari na Kosta kama wengine.

Kiingilio hakuna. Njoo asubuhi, katikati ya juma, kabla foleni za udahili wa papo kwa papo hazijawachukua wahudumu wote. Beba maji, na watoto wavae sare, maana ukiwa na kundi kubwa pale Mnazi Mmoja utawatafuta.