Kipima mvua cha plastiki kutoka duka la pembejeo, Moshi

Kifaa ninachokitathmini ni kipima mvua cha plastiki chenye alama hadi milimita 50, ambacho nilikinunua katika duka la pembejeo hapa Moshi mjini kwa bei isiyofika shilingi 20,000. Mimi nimekitumia Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, masika yote, na shemeji yangu, anayelima mpunga Mabogini, tambarare chini ya mji, anacho cha aina hiyo hiyo. Kwa mkulima wa huku kina thamani kuliko bei yake, ingawa kasoro zake si za kufumbiwa macho.

Thamani hiyo inatokana na mlima. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziweka Arusha, Manyara na Kilimanjaro katika kundi moja la nyanda za juu kaskazini mashariki, jambo linaloeleweka kwa utabiri wa nchi nzima, lakini ndani ya kundi hilo mvua hutofautiana mno. Kati ya Machi na Mei, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husukumwa na pepo za kusini mashariki hadi kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, ambako hulazimika kupanda, ikapoa na kuyaachia maji yake. Ndiyo maana msitu ulio juu ya Kibosho na Machame, kwenye kimo cha mita 2,000 na ushei, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali tambarare zilizo chini ya mji hazifikii nusu ya kiasi hicho. Upande wa Rongai, kaskazini mwa mlima, huambulia masalia. Mlima Meru nao una tabia hiyo hiyo, kwani Arusha mjini huwa kijani wakati Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima huo, kunatimka vumbi. Na anayeshangaa ukavu wa Same aangalie Milima ya Upare ilivyokaa kati yake na bahari.

Vipima vyetu viwili vimelionyesha hilo waziwazi. Asubuhi moja ya Aprili changu kilikuwa kimepita alama ya 30, na nilipompigia shemeji akanijibu kwamba chake hakijafika 5, kwa hiyo alikuwa anasubiri zamu ya maji ya mfereji kama kawaida.

Kasoro ya kwanza ni ujazo. Usiku wa mvua kubwa kifaa hujaa na kufurika, nawe hubaki ukijua tu kwamba milimita 50 zimepita. Ya pili ni namba zake, ambazo jua limeshaanza kuzifuta. Zile za kati ya 10 na 20 nimezichora upya kwa ncha ya msumari. Zaidi ya hayo, hakina maelezo yoyote ya mahali pa kukiweka, na muuzaji alinishauri nikifunge kwenye ukuta wa jiko, chini ya bati, ushauri ambao ungeharibu vipimo vyote. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, kiwekwe uwanjani, mbali na migomba na migrevilea, angalau mara mbili ya urefu wa mti ulio karibu, kwa sababu majani huzuia mvua kwanza, kisha huidondosha yanavyotaka.

Mkulima wa tambarare hiki kinamtosha. Wa juu, hasa anayepakana na msitu, aulizie chenye ujazo wa milimita 100 au zaidi.