Kioo cha OLED au LCD: kipi kinachosha macho zaidi?

Ukinunua simu Ngamiani, Tanga, usichague kioo kwa rangi zinavyowaka dukani. Tazama kinavyofanya mwanga ukishushwa.

Kwenye OLED kila nukta hutoa mwanga wake, nyeusi huzimika kabisa. LCD ina taa nyuma ya kioo, ndiyo maana nyeusi yake ina ukijivu. Shida ya OLED ni usiku: nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka, mara nyingi karibu mara 240 kwa sekunde. Jicho halioni, ila wapo wanaoumwa kichwa. LCD nyingi, si zote, hupunguza tu umeme wa taa, mwanga ukatulia.

Pima kabla ya kulipa. Shusha mwanga hadi chini kabisa, kisha elekeza kamera ya simu nyingine kwenye kioo. Mistari myeusi minene ikipita, kioo kinapepesa.

Anayesoma sana gizani na kichwa chake ni chepesi kuuma, achukue LCD. Mwenye OLED tayari aache mwanga juu kidogo, awashe na taa ya chumba.

Macho kuwaka na kukauka ni jambo jingine, na hapo vioo vyote ni sawa: ukikodolea simu unapepesa kope mara chache, na feni ikikupiga usoni ndiyo balaa. Shika simu sentimita 40. Kila dakika 20 tazama mita 6 mbele kwa sekunde 20. Ukiona ukungu usioondoka, kapime macho hospitali ya Bombo.