Tairi la Baiskeli: Pima Rimu Kabla Hujatoa Pesa

Tairi langu la nyuma lilikufa likiwa jipya. Vile vinywele vya mpira vinavyotoka nalo kiwandani vilikuwa havijaisha pembeni, na kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimesimama vizuri. Lakini ubavuni, juu kidogo tu ya rimu, nyuzi zilikuwa zinachungulia kuzunguka gurudumu zima. Fundi alilitazama mara moja akaniuliza rimu yangu ina upana gani. Sikujua. Kumbe nililivalisha tairi la milimita 50 kwenye rimu yenye nafasi ya ndani ya milimita 15.

Kwa hiyo hapa usitegemee habari za maua ya tairi, rangi wala uzito. Mimi nina ugomvi na kitu kimoja: ubavu.

Tairi pana kwenye rimu nyembamba hukaa kama balbu, tumbo limefura na shingo imebanwa. Ukikata kona tumbo linalala upande mmoja, shingo inabaki imeshikwa, na mpindo unaangukia palepale kila gurudumu linapozunguka, yaani zaidi ya mara 400 kwa kilomita. Ukiendesha upepo ukiwa mdogo, mpira unachanika mapema. Na kama breki zako zinabana rimu, mpira wa breki uliokaa juu kidogo tu utausugua ule ubavu uliovimba kama msasa. Ukigeuza mambo, tairi jembamba kwenye rimu pana, linatanuka na kuwa bapa: mbavu zinakaa wazi kwa kila jiwe, na shimo likija rimu ndiyo inayopokea kipigo.

Hesabu ninayoitumia sasa ni hii: upana wa tairi uwe kama mara moja na nusu hadi mara mbili ya nafasi ya ndani ya rimu, ukizidi sana 2.2. Rimu ya 19 inabeba tairi la 28 hadi 42 bila manung'uniko. Langu lilikuwa mara 3.3. Aibu.

Nafasi ya ndani hupimwa kutoka ukingo hadi ukingo, tairi likiwa limevuliwa. Usipime nje kwa nje, utajidanganya kwa milimita kadhaa. Rimu nyingi zimeandikwa kitu kama 622x19: 19 ndiyo nafasi ya ndani, 622 ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokalia. Tairi nalo linaandikwa 37-622: 37 ndio upana wake. Hiyo 622 lazima ifanane na ya rimu. Maneno ya "inchi 26" usiyaamini hata kidogo, maana kuna 26 ya 559 na 26 ya 590, na haziingiliani.

Sasa orodha yangu ya matairi, na sifichi upendeleo.

Ya kwanza ni Schwalbe Marathon. Nimeshaamua na sibishani. Ina vipimo vingi, 32, 37, 40, 47 kwa rimu za 622, kwa hiyo huna kisingizio cha kuchukua pana kupita kiasi. Chini ya kashata ina tabaka la mpira la milimita 3 la kuzuia miba, na mbavu zake zimetengenezwa zisipasuke haraka hata ukisahau kujaza upepo. Kwa rimu ya 19 chukua 37 ulale usingizi.

Ya pili ni ndugu yake, Marathon Plus. Tabaka lake ni la milimita 5, pancha utazisahau, ila ni zito na kulivalisha ni mieleka. Mara ya kwanza nilivunja chuma cha kufungulia tairi. Kama njia zako hazina miba mingi, unabeba mzigo wa bure.

Ya tatu, Continental Ride Tour: gumu, halina madaha, linafanya kazi. Panaracer Pasela ni laini na linateleza barabarani raha mustarehe, lakini ubavu wake mwembamba unataka rimu iliyopimwa sawasawa na mwendeshaji mpole. Mimi si mpole.

Za bei ya chini? Kama lina namba mbili zilizoandikwa wazi ubavuni na linakubaliana na hesabu yako, nunua. Kama limeandikwa inchi peke yake, liache.

Wauzaji ndio wanaonichosha. Uliza tairi, utaambiwa "hili linaingia." Naam, liliingia! Waya ulikaa, upepo ulijaa, gurudumu likazunguka, na hakuna aliyeniuliza namba ya rimu. Wanaouza mtandaoni ndio usiseme: picha kumi za kashata, hata moja ya maandishi ya ubavuni. Na muuzaji atakusukumia pana akisema ni la njia mbovu. Ukirudi na ubavu uliochanika anakuambia umepakia mzigo mzito.

Kabla hujavalisha jipya, pitisha kidole kwenye mbavu za rimu pale breki inapobana. Zikiwa zimebonyea kuelekea ndani, rimu imeliwa na tairi jipya halitaiponya. Ikipasuka, itapasuka na upepo wote. Kagua na ule utepe unaofunika vichwa vya spoki. Wangu ulikuwa mwembamba kuliko matundu, na ndio uliosababisha tyubu mbili kutoboka, mimi nikamlaumu Mchina aliyezitengeneza.