Maiki mbili za kurekodi mazungumzo: ipi ianze, ipi isubiri

Anayerekodi mahojiano ya wazee, mahubiri au vipindi vya redio katika Nyanda za Juu Kusini hukutana na kelele za aina mbili, na inafaa azitofautishe kabla hajatoa fedha. Ipo inayotoka upande mmoja, kama jenereta nyuma ya duka pale Mwanjelwa, Mbeya, na ipo isiyo na upande, kama mvua ya Januari inapopiga mabati. Maiki zilizopangwa pamoja huikabili kelele kwa tofauti ya muda: sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo haifiki kwenye maiki zote kwa wakati mmoja, na programu huitumia tofauti hiyo kutambua inatoka wapi na kuipunguza. Jenereta hutulia kwa njia hiyo. Mvua ya mabati haitulii, kwa kuwa hushuka kutoka kila pembe, na dawa yake ni kuisogeza maiki karibu na mdomo: ukiitoa sentimita 60 ukaileta sentimita 15, maneno huongezeka kwa takribani desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) huku mvua ikibaki ilivyo.

Ndiyo maana naweka mbele jozi ya maiki zisizo na waya, zenye vitumaji viwili na kipokezi kimoja, kama Rode Wireless GO II au DJI Mic. Kila msemaji hubandikiwa yake kifuani, na kila sauti huhifadhiwa kwenye chaneli yake, yaani njia yake ya kurekodi isiyochanganyika na nyingine. Sharti hili la chaneli mbili silegezi hata kidogo, kwani maiki mbili zikichanganywa mapema, kelele ya ile ya mtu aliyenyamaza huingia juu ya maneno ya anayesema. Zikitengwa, unaizima wakati wa kuhariri. Mwambie muuzaji arekodi mbele yako, kisha usikilize chaneli moja moja. Wasemaji wakae mbali kiasi kwamba umbali kati ya maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kutoka mdomo hadi maiki. Kwa kazi za nje, hasa Makambako penye upepo, usiondoke dukani bila manyoya ya kufunikia maiki.

Ya pili ni rekoda yenye matundu mawili ya maiki, kama Zoom H5, pamoja na maiki mbili za waya za kubana kwenye shati. Nyaya husumbua, na lazima uhakikishe plagi zinaingiliana, lakini hakuna mawimbi ya kukatika wala betri nyingi za kuchaji. Kwa studio ambayo vifaa hupita mikononi mwa watu wengi, mimi ningeipa hii nafasi ya kwanza.

Mwenye fedha kidogo atumie simu mbili, moja kwa kila msemaji, zikiwa zimezimwa mtandao. Piga kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni, ziwe alama za kulinganishia rekodi hizo mbili, kwa sababu saa za simu hupishana kidogo kidogo, na mazungumzo ya saa nzima yatahitaji kulinganishwa upya.

Kifaa cha mezani chenye maiki nyingi kinafaa kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, si mahojiano, kwani huwa mbali na midomo. Maiki mbili zilizounganishwa kwenye waya mmoja naziweka mwisho: nyingi huingiza sauti zote mbili kwenye chaneli moja, na hapo hakuna tena cha kutenganisha.